Neno Linalomfaa Maama

Kila Jumamosi nyumbani kwetu Kasokola tunasukasuka maziwa ili tupate siagi, kisha tunaichemsha iwe samli. Kibuyu ni kilekile cha Maama. Ndivyo sisi Wasukuma tunavyomwita bibi. Alikuja nacho kutoka Shinyanga amekipakata njia nzima, familia ilipohamia huku na ng'ombe. Sasa Maama hayupo. Lakini nikikifukiza kibuyu moshi ili kiwe safi, harufu ile inamrudisha jikoni.

Mimi ni Nyanzala. Niliacha shule nikiwa darasa la tano, baba alipougua. Maama akaniita niketi mbele yake. Hakuwa na maneno mengi. Aliweka mikono yake juu ya mikono yangu, tukasuka pamoja. Maziwa yalilia chwa, chwa, chwa. Halafu mlio ukawa mzito.

"Umesikia?" aliuliza. "Siagi hiyo imekuja."

Sikuwa nimesikia. Kesho yake tulirudia. Tuliendelea hivyo mpaka nikawa nasikia kabla yake, naye akacheka.

Mwaka huu mradi mmoja ulitafuta mwanamke wa kufundisha wenzake wa kijiji cha Kasansa kutengeneza samli safi. Mwalimu huyo angepokea pia wageni wa nje. Kwa hiyo kila aliyetaka kazi alitakiwa aeleze kwa Kiingereza, kwa sentensi chache, ujuzi wake ameupata wapi. Niliitamani sana kazi ile. Sikutaka ujuzi wa Maama uishie jikoni kwetu. Ila mimi nikisimama mbele ya watu, sauti hupotea.

Kaka yangu Method anaendesha bodaboda Mpanda mjini. Alitafuta maneno ya Kiingereza kwenye simu, yakaja mengi. Akanichagulia yale makubwa. Niseme nimefanya "study" ya samli, na kwamba mimi ni "graduate".

"Hilo la mwisho ni zito," alisema. "Watakuogopa."

"Na ng'ombe wetu je?" mama akauliza. "Nao wana digrii?"

Tulicheka, lakini nilikwenda kuyakariri.

Jirani yetu Gaudiose, tunayemwita Mama Aline, anafundisha watu wazima kusoma. Wazazi wake walitoka Burundi. Nilimkuta anapukuchua maharage, nikamsomea sentensi zangu kwa kunong'ona. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulisoma chuo gani?" aliuliza.

Niliikunja karatasi yangu.

"Mgeni naye atakuuliza hivyohivyo, mdogo wangu. Utamjibu nini?"

Akanieleza taratibu. "Graduate" ni mtu aliyehitimu chuo. "Study" ni kukaa na masomo, ukasoma na kuyachunguza. "Learn" ni kujifunza, kupata ujuzi ambao hukuwa nao, iwe darasani, shambani au jikoni. "Train" ni kumfundisha mtu kazi kwa kuirudia, mpaka mkono uzoee. Alisema maneno hayo ni ndugu, lakini kila moja lina nyumba yake. Mtu asichague kwa ukubwa, bali aangalie lipi linasema kilichotokea kweli.

"Sasa fumba macho," alisema. "Maama alikufanyaje?"

Nilifumba. Niliiona mikono yake yenye mishipa juu ya mikono yangu. Nilisikia chwa, chwa.

"Ni 'train'," nikasema. Machozi yakanitoka. Mama Aline aliendelea na maharage yake kama hajaona.

Siku ya usaili nilibeba kibuyu, kikiwa na maziwa ya mgando. Zamu yangu ilipofika nilisema, "My grandmother trained me. I learned at home." Yaani bibi yangu ndiye aliyenizoeza kazi, na nilijifunza nyumbani. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilitoka.

Mgeni aliyekuwa akitusaili aliinua macho. Akauliza bibi alinizoeza vipi. Nilimwekea kibuyu mapajani, nikaweka mikono yangu juu ya yake. Tukasuka. Mlio ulipobadilika, mgeni akainua kichwa kabla sijamuuliza kama amesikia.

Nilipata kazi. Sasa naenda Kasansa, na samli ya wanawake wa kule haichachi upesi kama zamani. Anayeanza namketisha mbele yangu, naweka mikono yangu juu ya yake.

Jumanne jioni naenda darasani kwa Mama Aline. Nimeanzia pale nilipoachia, darasa la tano. Juzi aliniuliza kwa Kiingereza ninafanya nini pale kwake.

"I study," nilimjibu, bila kunong'ona.

Kisha nikarudi nyumbani kufukiza kibuyu.