Mkate Mbichi wa Peyrolade

Mzee Léonce Vayssade alikutwa saa tatu na dakika ishirini na tano asubuhi, Jumapili ya tatu ya Septemba, amelala kifudifudi ndani ya birika la kufulia la kijiji cha Peyrolade. Waliomkuta walikuwa watu ishirini na watatu, wenye fimbo za kutembelea na viatu ambavyo havijawahi kukanyaga tope, waliokuja kutembezwa mashambani waone urithi wa mababu. Kituo cha kwanza kilikuwa kanisa, cha pili banda la kufulia. Kiongozi wa matembezi, Odile Cassan, mwalimu mstaafu, alikuwa ameshainua mkono kueleza jinsi akina mama wa zamani walivyopiga nguo na umbea kwenye maji hayo, ndipo akamwona. Mkono ukabaki juu. Mtu mmoja wa nyuma, ambaye hakuwa ameona kitu, akaupiga picha.

Sajini Solange Bouscarel alifika saa nne kasoro dakika kumi pamoja na Koplo Delmas. Solange alikuwa na miaka hamsini na mitano, magoti mabovu, na mume aliyemkimbia akafuatana na mwanamke muuza matrekta. Habari hiyo alikuwa akiisimulia mwenyewe kabla hujamuuliza, ili akunyime raha ya kumsengenya.

Daktari hakuwa na maneno mengi. "Amepigwa kisogoni kwa kitu bapa cha mbao. Jana, kati ya saa mbili na saa tano usiku."

Ukutani palitundikwa vibao vitatu vya kupigia nguo, vya kuonyesha wageni. Viwili vilikuwa na vumbi. Cha tatu kilikuwa kisafi na bado kina unyevu.

"Muuaji msafi," alisema Delmas.

"Msafi na mvivu," alisema Solange. "Angevisuuza vyote vitatu, tungekuwa bado tunakisia."

Nje, watu walikuwa wameshampata mhalifu wao, tena bila gharama. Jina la Bastien Fourès lilitajwa kabla sajini hajamuuliza mtu lolote. Bastien alikuwa mfugaji wa mbuzi arobaini. Mwezi wa Agosti aliziba njia ya watembeaji kwa seng'enge, kwa kuwa walikuwa wakiacha lango wazi na mbuzi wanatoka barabarani. Léonce akaikata seng'enge hiyo kwa koleo. Wiki mbili kabla ya Jumapili hii, mbele ya mkahawa uliojaa watu, Bastien alimwambia: "Mzee, nikikukuta tena kwenye waya wangu nitakuchovya birikani kama shuka."

Kulikuwa na jambo jingine ambalo kila mtu alilijua. Bastien alikuwa na kifungo cha nje kwa kumvunja mtu pua, na mwenye shamba alimwandikia wazi: ukikamatwa tena, mkataba umekufa, unaondoka na mbuzi wako.

Solange alimhoji saa nne na dakika arobaini, ndani ya ofisi ya meya.

"Jana usiku ulikuwa wapi?"

"Kwa mbuzi."

"Nani atakushuhudia?"

"Mbuzi."

"Wataapa?"

"Afande, wakiapa watasema kweli kuliko hao waliosimama hapo nje."

Delmas alichezesha pingu mfukoni. Bastien alizisikia, akaweka mikono chini ya mapaja yake kama mtoto wa shule.

"Ulisema utamchovya birikani," alisema Solange.

"Nilisema. Halafu akaninunulia divai. Akaniambia alishachovywa humo utotoni na watu wenye mikono mikubwa kuliko yangu, kwa hiyo nisijisumbue. Tukacheka."

"Watu gani?"

"Hakuwataja. Alisema Jumapili atasema, tena hadharani."

Simu ya sajini ililia. Alikuwa mwendesha mashtaka kutoka mjini. Habari zilikuwa zimeshamfikia, alikuwa na jina la Bastien mkononi, na alitaka mtu awe ndani kabla ya saa kumi na moja jioni.

"Saa kumi na moja mbuzi wanakamuliwa," alisema Bastien. "Nisipokuwepo watalia mpaka matiti yavimbe. Nani atawakamua? Meya?"

Saa tano na dakika ishirini ilikuwa zamu ya mwalimu Odile. Aliketi wima, na kijitabu chake cha matembezi alikuwa amekikunja mara nne.

"Mwalimu, Léonce alitaka kusema nini leo?"

Odile alikikunjua kijitabu, akaonyesha ukurasa wa kituo cha nne, zizi la mawe la akina Lacombe. Palikuwa na picha nzuri na maneno haya: Hapa watoto yatima waliolelewa na familia walikua kwa amani, kati ya kondoo.

"Yeye alikuwa mmoja wao," alisema. "Mtoto wa serikali. Waliletwa kwenye mashamba wangali wadogo, wakalishwa, wakafanyishwa kazi. Jana saa kumi jioni alikuja kwangu na daftari la kijani, kama haya ya shule yenye waya ubavuni. Akaniambia, mwalimu, umeandika vizuri, ila umesahau baridi. Akaomba dakika kumi zizini, awasomee wageni."

"Ukafurahi kusahihishwa?"

"Nimesahihisha watu miaka arobaini, afande. Sikufurahi hata chembe. Lakini nilimpa dakika zake."

"Nani mwingine alijua?"

"Germain Lacombe. Ndiye mwenyekiti wa chama cha urithi, na zizi ni lake. Nilimpigia saa kumi na mbili jioni. Akasema vyema, kisha akasema ana haraka, anakwenda kuwasha tanuri la kijiji, aoke mikate ya wageni. Saa moja niliona moshi."

Delmas alikuwa ameshapekua maiti na nyumba ya marehemu. Daftari la kijani hakuliona.

"Kwa hiyo na wewe, mwalimu, ulikuwa na sababu ya kutaka anyamaze," alisema Delmas. "Kijitabu kingechekwa."

"Kijitabu nilikilipia kukichapa mwenyewe," alijibu Odile. "Na hata kwa hilo nisingemlaza mtu majini. Ningemwandikia barua kali."

Saa sita mchana wote walikuwa uwanja wa tanuri. Watembeaji walikatazwa kuondoka kabla ya kutoa majina yao, na njaa haijui kufiwa. Germain Lacombe, mwenye miaka sabini na minne na mabega ya ng'ombe wa kulimia, alisimama mbele ya mdomo wa tanuri, amevaa aproni nyeupe, akawahubiria.

"Tanuri hili lililala tangu Pasaka. Mawe yamekunywa baridi miezi mitano. Haliamshwi kwa haraka, mabibi na mabwana. Unaliwasha jioni, unalilisha kuni polepole mpaka usiku wa manane, alfajiri unaliwasha tena. Kuba la ndani kwanza linakuwa jeusi kwa masizi. Moto ukishaingia ndani ya mawe, masizi yanaungua, kuba linageuka jeupe. Baba yangu alinifundisha: lisipokuwa jeupe, usiingize mkate."

"Kwa hiyo jana usiku ulikuwa hapa," alisema Solange, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya.

"Kuanzia saa moja mpaka saa sita usiku, sikubanduka. Na leo tangu saa kumi na moja alfajiri. Moshi uliuona kila mtu. Maskini Léonce. Tulikua pamoja, afande. Kama ndugu."

"Pole, mzee."

Germain alichukua koleo refu la mbao akatoa mikate. Wageni walipiga makofi, kisha wakaitazama. Juu ilikuwa imeungua kama kwato. Chini ilikuwa imepauka. Bwana mmoja alimega kipande, kikamnata vidoleni.

"Huu unahitaji kijiko," alisema.

"Ni urithi," alimjibu mkewe. "Tafuna."

"Unga ulikuwa na unyevunyevu," alisema Germain. Hakucheka.

Solange alichukua mkate mmoja, akaenda kuinama kwenye mdomo wa tanuri, akiyalaani magoti yake. Alimulika ndani kwa tochi, akakaa hapo muda mrefu kidogo kuliko mtu anayestaajabia mawe. Kisha akamvuta Delmas pembeni, akamwonyesha ndoo ya chuma yenye majivu yaliyokokolewa asubuhi.

"Chekecha."

"Natafuta nini, afande?"

"Kitu kisichoungua."

Saa nane kamili mchana aliwaambia watu kwamba matembezi yataendelea mpaka kituo cha nne, kwa kuwa wageni walitoka mbali. Wengine walinung'unika kwamba ni kumkosea marehemu adabu. Hao ndio waliotangulia kufika. Bastien alitembea kati ya Solange na Delmas, na kila alipopita watu walivuta watoto wao karibu.

Zizi lilikuwa zuri kama kwenye picha. Kuta za mawe bila udongo, paa la mawe bapa, mlango mfupi. Ndani hapakuwa na dirisha. Nje kulikuwa na jua, lakini aliyeingia alijikunja mabega.

Solange alisimama mlangoni, mkate mkononi.

"Mama yangu alizaliwa bonde la pili kutoka hapa," alisema. "Kwao, mwezi kama huu, wanawake walipiga kura nani ataanza kuoka kwenye tanuri lililolala. Aliyeshindwa kura alinuna wiki nzima, maana mkate wa kwanza ni kuni nyingi na chakula cha nguruwe. Ila kama mtu aliliwasha tangu jioni, akalilisha usiku, hata mkate wa kwanza unalika. Mzee Germain, si ndivyo?"

"Nimesema, unga—"

"Unga wenye unyevu hauchafui kuba. Nimemulika. Kuba ni jeusi kote, hakuna jiwe moja jeupe. Tanuri lile halikulishwa saa tano jana usiku. Liliwashwa saa moja watu waone moshi, likaachwa likafa, likachochewa leo asubuhi kwa moto mkubwa wa mtu mwenye haraka. Umetuhubiria mwenyewe mbele ya mashahidi ishirini na watatu, kisha ukawalisha ushahidi."

Germain alitazama watu. Watu walitazama mikono yao, bado ina unga.

"Nililala kidogo," alisema. "Mimi ni mzee. Tangu lini kusinzia ni kuua?"

Delmas alikunjua leso. Ndani palikuwa na waya mwembamba uliojizungusha kama springi ya kitanda, mweusi kwa moto, urefu wa daftari la shule.

"Umetoka kwenye majivu yako," alisema Solange. "Mwalimu?"

"Ni waya wa daftari kama lake," alisema Odile kwa sauti ndogo.

Germain alivua aproni, akaikunja vizuri, pindo kwa pindo, akakosa pa kuiweka.

"Nilimwita birikani saa mbili," alisema. "Nilimwomba aniachie baba yangu. Basi. Jina lake liko kwenye ukuta wa kanisa, liko kwenye kijitabu. Nilimwambia, Léonce, wote wamekufa, unamshitaki nani?"

"Akasemaje?"

"Akasema hamshitaki mtu, anasimulia tu. Akasema kwa heshima atanisomea mimi kwanza. Ukurasa wa kwanza ulimhusu mama. Kwamba alikuwa akiwaletea mchuzi kwa siri. Sikulijua hilo. Akafungua wa pili."

"Wa pili ulimhusu nani?"

"Msichana. Walikuwa wawili hapa, yeye na Léonce. Mwezi wa Februari, asubuhi, alikutwa pale, amekufa." Alionyesha kona bila kuitazama. "Baba alisema ni mapafu. Sikumwacha Léonce amalize."

"Na wewe, ndugu yao, ulikuwa unalala wapi?" aliuliza Solange.

"Juu, nyumbani," alisema Germain. "Kwenye chumba chenye jiko la kuotea moto."

"Na leo asubuhi ulipowasikia wanamtaja Bastien?"

"Nilinyamaza. Yeye ni kijana. Nilidhani atapata shamba jingine."

Bastien alicheka, kicheko kikavu cha pua. Ilikuwa saa tisa kasoro robo. Aliuliza kama anaweza kwenda, na Solange akamwambia aende. Watu waliokuwa wamemtaja tangu asubuhi walimpisha njia. Mmoja alimwambia kwamba jioni itakuwa na baridi, kana kwamba hiyo ni kumwomba radhi.

"Lango," alisema Bastien. "Mkipita kwangu, fungeni lango."

Akashuka bondeni bila kugeuka.

Delmas alimfunga Germain pingu. Mikono ilikuwa mikubwa, ikambidi ailegeze pingu meno mawili. Odile ndiye aliyemzuia njiani. Alikuwa ametoa kalamu na kukiweka kijitabu juu ya kiganja, kwenye ukurasa wa kituo cha nne, ameyakata maneno yote ya chini ya picha.

"Germain," alisema, "yule msichana alikuwa anaitwa nani?"

Mzee alisimama. Alifikiri kweli, hata Solange, aliyeona watu wengi wakijifanya wanafikiri, aliona kwamba huyu anatafuta.

"Alikaa kwetu miaka mitatu," alisema hatimaye. "Tulikuwa tunamwita 'we', basi."

Odile aliendelea kusubiri, kalamu juu ya karatasi.

"Léonce alikuwa analijua jina lake," alisema Germain. "Kwenye ukurasa wa pili, alikuwa amelifikia."