Mapipa Manne ya Viazi

Mavuno ya viazi yalikuwa yamekwisha. Shamba la Lucien Cyr, kaskazini kabisa mwa jimbo la Maine, Marekani, lilibaki udongo mtupu. Odile, binti yake wa miaka kumi, alikuwa ameokota viazi wiki tatu nzima bila kunung'unika. Alikuwa na sababu. Baba yake alimwahidi jambo.

Katika ukoo wa Cyr, viazi vikishaingia ghalani, wote hupanda pikipiki zao za magurudumu manne. Hufuata njia ya msituni mpaka kibanda chao cha kuwindia, kando ya ziwa. Mtoto akitimiza miaka kumi, huendesha mwenyewe. Mwaka huu ilikuwa zamu ya Odile. Angeendesha mashine ya babu yake, aliyefariki theluji ilipokuwa ikiyeyuka.

Jumamosi asubuhi walikula ploye, zile chapati laini za manjano, kwa siagi. Kisha Odile akatoka mbio na kofia yake ngumu.

"Baba, ufunguo!"

Wakati huohuo jirani yao, Bi Claudette, akaingia uani kurudisha ngazi. Alikuwa muuguzi mstaafu. Siku hizi alifundisha watoto wa pale kuendesha kwa usalama msituni.

"Hili dude anaendesha nani?" aliuliza.

"Mimi!" alisema Odile.

"Bi Claudette, usianze," alisema Lucien. "Huyu anaendesha trekta tangu ana miaka minane. Na sheria inaruhusu miaka kumi, mradi awe na mafunzo na mtu mzima."

"Mafunzo kayapata wapi?"

"Nimemfundisha mimi."

"Na wewe ulifundishwa na nani?"

"Na baba."

"Ndiyo maana nikakushona bega."

Lucien akacheka. Kisa kile kilijulikana na kila mtu. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja alipindua mashine kwenye kona ya mteremko. Tangu hapo mahali pale paliitwa Kona ya Lucien. Kila mwaka ndugu zake wakipita hapo hupiga honi na kucheka.

Bi Claudette hakucheka. "Odile, mwanangu, panda. Sasa simama juu ya vikanyagio."

Odile akasimama. Vidole vya miguu tu ndivyo vilivyogusa.

"Shika breki bila kuachia usukani."

Vidole vya mkono havikufika.

"Umeona, Lucien? Sheria imehesabu miaka. Miguu haikuipima."

"Basi nitampakia nyuma yangu. Kiti chenyewe kirefu."

"Urefu huo si wa abiria. Ni wa dereva. Kwenye mlima husogea mbele, kwenye mteremko husogea nyuma. Ukimpakia mtu huna pa kusogea, na mashine inakosa mizani."

Machozi yalimlengalenga Odile. "Baba, uliahidi!"

Maneno hayo yalimchoma Lucien. "Ahadi ni deni, Bi Claudette," alisema kwa unyonge.

"Ni deni. Lakini hulilipi kwa uhai wa mtoto." Bi Claudette akamgeukia Odile. "Pipa likijaa viazi, unaweza kulinyanyua?"

"Hata kulitikisa siwezi."

"Mashine hii ni mapipa manne. Ikikulalia kifuani, nani ataitoa?"

"Baba."

"Haya, Lucien. Inua upande mmoja."

Lucien akainama, akavuta kwa nguvu zake zote. Magurudumu yalipanda kidogo tu, kisha yakarudi chini kwa kishindo. Alibaki ameinama, anahema. Ghafla alikumbuka ladha ya tope mdomoni.

"Sikuweza kupumua," alisema polepole. "Siku ile. Nilijua nakufa. Ardhi ilikuwa laini, nikazama kidogo, ndiyo nikapona. Lingekuwa jiwe, nisingekuwa hapa."

Odile alimkodolea macho. "Sasa mbona huwa unacheka?"

"Kwa sababu wote walicheka, mwanangu."

Safari iliahirishwa. Odile alinuna siku mbili. Kisha akaenda kwenye mafunzo ya Bi Claudette, Jumamosi mbili mfululizo, na Lucien akakaa naye darasani, magoti yakigonga meza.

Waliazima mashine ndogo ya mjukuu wa Bi Claudette, ambayo sasa ilikuwa imembana mwenyewe. Hii ilimwenea Odile. Alisimama juu yake magoti yakiwa yamekunjika kidogo, na breki aliifikia. Alifanya mazoezi kwenye shamba tupu la viazi, amevaa kofia ngumu, glavu, mikono mirefu na buti.

"Usidhani hii ndogo ni mwanasesere," Bi Claudette alimwonya. "Nayo huua. Mwendo mdogo, mtu mmoja, usiingie barabara ya lami, na baba yako asikupoteze machoni."

Siku ya safari ikafika. Shangazi na wajomba walitangulia. Odile alifuata taratibu, na Lucien nyuma yake. Mbele, honi zililia na vicheko vikasikika. Walikuwa wanapita Kona ya Lucien.

Odile alipofika, alisimama na kuzima mashine. Akashuka. Akatembea mpaka kwenye mteremko, akakanyaga udongo kwa buti.

"Pana utelezi, Baba. Pale juu ni pakavu. Nazunguka."

"Zunguka."

Alizunguka, macho mbele, mwili ameuegemeza upande wa juu kama alivyofundishwa. Kidole gumba cha Lucien kilikuwa juu ya honi. Hakuibonyeza.

Upande wa pili Odile alimsubiri. "Baba, leo hukupiga honi. Kwa nini?"

"Nilikuwa nakutazama." Lucien alifuta macho kwa glavu. "Twende, mwanangu. Na mwakani nataka kukutazama tena."