Matope Chini ya Vizimba

Ndugu zangu wa pwani, asubuhi ile bahari ilikuwa shwari. Eilert na mkewe Magnhild, wafugaji wa samoni katika vizimba vya nyavu baharini, huko kaskazini kwenye baridi, walikuwa kwenye boti yao wakinywa kahawa na kula mkate mwembamba wa viazi. Walikuwa wamekwisha kuvuna samaki, na vizimba vilikuwa vitupu. Mimi, mpima matope niliyetakiwa kuandika ripoti kwa wakaguzi wa serikali, nilishusha koleo la chuma la kuchotea tope hadi chini kabisa.

Lilipanda na tope jeusi lenye harufu ya mayai viza. Juu yake palikuwa na utando mweupe kama pamba.

"Makubwa! Nini hiki?" Magnhild aliuliza, pua yake ikikaribia kuligusa.

"Bakteria, mama."

Hebu fikiri, msomaji. Mabaki ya chakula na kinyesi cha samaki huangukia viumbe tusiowaona. Hula na kula mpaka hewa iliyomo topeni inakwisha. Hapo huingia wengine wasiohitaji hewa, nao hutoa gesi ya sumu. Utando ule mweupe huishi kwa gesi hiyo.

"Vizimba vipumzike mpaka tope lipone," nikasema kwa sauti ndogo.

Eilert akacheka. "Vifaranga wa samaki wanakuja wiki ijayo, binti. Tena samaki wangu wanaogelea, hawatembei huko chini!"

"Basi kalale juu ya kinyesi cha kondoo," Magnhild akamjibu, "kesho utuambie umeamkaje."

Eilert alinuna. Akasogeza boti mita mia mbili, penye mkondo mkali, akashusha koleo mwenyewe. Likaja tope la kijivu, safi.

"Andika kwamba hili ndilo la chini ya vizimba," akaniambia.

Niliona haya kubishana na mtu mzima. Nikaandika, na wiki iliyofuata vifaranga wakaingizwa vizimbani.

Mwezi Agosti mapovu yalianza kupanda kutoka chini. Kwa siku mbili samaki walielea, matumbo juu. Magnhild aliwachota kwa wavu huku akilia.

"Mita mia mbili tu, mume wangu," alisema.

Nilikwenda kwa wakaguzi kukiri kosa langu, na leseni yao ya ufugaji ikafutwa. Sasa Eilert anapasua samaki wa watu kiwandani. Lakini Magnhild hunipeleka kupima tope lile lile kila majira ya kuchipua. Mwaka wa tatu, koleo lilileta mnyoo mmoja mwekundu, akijikunja, dalili kwamba hewa imeanza kurudi topeni.

"Karibu nyumbani, bwana mdogo," Magnhild alimwambia.

MAFUNZO

Tusidharau viumbe wadogo wanaosafisha uchafu wetu. Wakizidiwa, tunaangamia sisi. Nawe unayeujua ukweli, useme hata kama sauti inatetemeka. Haya yangu iliwaponza watu niliowapenda.