Hesabu ya Kiti cha Nyuma

Walitoka nyumbani saa tatu asubuhi badala ya saa moja, kwa sababu Mfamasia, kama walivyomwita mama wa nyumba kwa kazi yake, hakukubali kuacha vyombo vichafu, na mumewe hakukubali kuondoka kabla ya kupima upepo wa matairi mara mbili. Likizo ilikuwa inaisha. Ndugu walikuwa wameshajaza simu kwa picha za fukwe za mbali, wanatabasamu utadhani hawakugombana njia nzima. Wao waliamua kwenda kuyaona maporomoko ya maji yaliyoko mwendo wa saa mbili tu, ambayo walikuwa wakiyasifia kwa wageni miaka yote bila kuyatia machoni.

Mume alikuwa dereva wa basi la shule. Kazini kila mtoto alikuwa na namba yake. Kabla ya kuondoa gari anaziita, nao wanaitika. Yeye hageuki. Miaka kumi na mmoja hakuwahi kusahau mtoto, akajivunia hilo hadi akauhamishia utaratibu nyumbani. Moja alikuwa kifungua mimba, spika za simu hazimtoki masikioni. Mbili alikuwa dada yake, ambaye gari likiwashwa tu anasinzia. Tatu ni kitinda mimba wa miaka saba, waliyembandika jina la Bi Maswali, naye alipenda kukaa peke yake kwenye kile kiti cha kukunja cha nyuma kabisa, katikati ya mabegi.

Maporomoko yenyewe yalikuwa kama bomba lililosahauliwa wazi. Walipiga picha kwa pembe ya kudanganya, wakala, wakageuza.

Saa nane mchana walisimama njiani, mahali penye mabenchi matatu ya saruji na choo kisicho na mlango. Wote wakashuka kujinyoosha. Wakapanda. Baba akashika usukani, macho mbele.

Moja akaitika. Mbili akaguna. Na kutoka nyuma, sauti nyembamba ikasema, "Tatu."

Wakaondoka.

Kwa dakika arobaini Bi Maswali hakuuliza hata swali moja. Baba alisema jua limemmaliza. Mfamasia, Mungu amsamehe, alishukuru. Akafungua pakiti ya biskuti, akainyoosha juu ya bega lake bila kugeuka, akamwambia kitinda mimba achukue wa kwanza. Vidole vikaipokea. Vilikuwa baridi.

Kifungua mimba akavua spika masikioni.

"Mama," alisema taratibu, "mbona Bi Maswali hayumo?"

Mfamasia akamuuliza biskuti kachukua nani. Hakuchukua yeye. Dada yake alikuwa amelala, mdomo wazi.

Baba akakanyaga breki, akageuka kwa mara ya kwanza siku ile. Kile kiti kilikuwa kitupu. Mkanda wake ulikuwa umefungwa.

Hakuna aliyepiga kelele. Baba aligeuza gari palepale, akaanza kuhesabu makosa yake kwa kunong'ona, na mkewe akamwambia aendeshe kwanza, lawama zina wakati wake. Dakika arobaini kwenda, arobaini kurudi. Mtoto wa miaka saba, barabarani, peke yake. Hilo tu ndilo Mfamasia alilolishika kichwani, kwa kucha.

Kisha ulimi wa mumewe ukafanya ulichozoea kila gari linapoondoka.

"Moja."

"Nipo."

"Mbili."

"Nipo," alijibu binti, analia.

Mfamasia akamshika mumewe goti. "Usiite."

Hakuita.

"Tatu," ikasema nyuma.

Hawakugeuka. Hawakusimama pia. Kusimama ni kumchelewea mtoto. Mfamasia alikodoa macho barabarani hadi yakamtoka machozi, na nyuma ya shingo yake akasikia biskuti ikitafunwa.

Bi Maswali alikuwa kwenye benchi la katikati, anabembeza miguu. Mzima. Hana hata vumbi. Mama alimfikia kabla gari halijasimama vizuri, akamkumbatia, mkono ukapita kichwani, ukasita. Asubuhi alimbana nywele kwa kibanio tu. Sasa zilikuwa zimesukwa mistari myembamba, zaidi ya thelathini, kazi ya nusu siku.

"Nani kakusuka?"

"Si wewe?" Mtoto akamtazama juu hadi chini. "Mbona umebadilisha nguo?"

Baba alifungua milango yote, akakagua chini ya kila kiti. Hakukuta mtu. Akawapandisha mmoja mmoja, akimgusa kila mtoto utosini, na Bi Maswali akarudi nyumbani juu ya magoti ya mama yake. Nyuma walijaza mabegi hadi darini.

Kesho yake mchana Mfamasia alimkalisha jikoni, karibu na dirisha, akaanza kumfumua. Alikuwa mtu wa kupima na kuandika lebo, akafumua mstari mmoja mmoja kwa mpangilio. Kwenye mstari wa mwisho, juu ya sikio, akakuta unywele mweupe, mrefu kufika kiunoni, umepitishwa katikati ya zile nyeusi. Akauzungusha kidoleni, akavuta.

"Mama, unaniumiza."

Akachukua chanuo, akatenganisha nywele polepole, akainama. Akavuta tena, kidogo tu.

Ngozi ya kichwa ikainuka nao. Ulikuwa umeota hapo.