Kiu ya Chungu cha Msuka

Maji hayakutoka.

Abdulnasir alimimina kopo zima kwenye chungu cha bonsai yake, ule mkuyu aliouviza ubaki mdogo, akainama kutazama tundu la chini. Kavu. Akamimina kopo jingine. Kavu vilevile, ila changarawe za juu zilitoa mlio kama koo la mtu anayemeza.

"Siti, njoo uone! Mikuyu ya watu iko porini inaliwa na mbuzi, wangu unakaa mezani kama sultani!"

Mkewe alitoka na mtoto begani. "Sultani wako ananukia udi. Nani kafukiza?"

Hakuna aliyefukiza.

Huyu Abdulnasir, tusimdhulumu, alikuwa fundi. Vijana wenziwe wa Wingwi wamefuga ng'ombe, yeye kafuga mkuyu, kaukata na kuufunga waya hata ukawa na shina la kizee na kimo cha kuku. Shida ikawa chungu. Mizizi ilikuwa imejisokota, inataka nyumba mpya, na mti wa namna ile hautaki chungu kirefu cha kupikia wali. Unataka kipana, kifupi, cha rangi tulivu isiyogombana na majani. Besheni za plastiki za sokoni aliziona matusi. Basi siku alipopita kwenye pango la mzimu kule Msuka, akaona chungu chenyewe hasa, cha miguu mitatu, kimejaa marashi ya wenye nadhiri zao. Wewe ungepita unasoma kila dua unayoijua. Yeye kamwaga marashi, kabeba chungu, kafika kwake kakitoboa kwa kekee ili maji yapite. Eti ujanja!

Pipa la uani likakauka. Kisha mtoto wao, Usama, akavuta titi, akaliachia, akalia.

"Hamna kitu," Siti alinong'ona, anajikamua. "Jana yalikuwa yakimwagika."

"Kunywa uji."

"Nyamaza. Sikiliza."

Ilikuwa adhuhuri, jua la utosi, kuku wote kimya, na kutoka mezani, chini ya yale majani mazuri aliyojivunia, ikaja sauti ya kunyonya, taratibu, kwa pumzi zilezile za Usama, akivuta Usama nayo inavuta, akipumzika nayo inapumzika, mpaka mtoto alipochoka kulia na ile ikaendelea peke yake.

Wakamwita Bi Mwanamize, shangazi yake Abdulnasir, mganga wa miaka mingi. Hakuvuka hata kizingiti.

"Umekitoboa?" akauliza kwa sauti ya chini. "Mwana weye! Chungu cha mzimu hakitobolewi. Mwenyewe hunywa akashiba, akalala. Sasa akinywa yanampita. Hatashiba mpaka mtoto aishe. Kizibeni, mkirudishe na mti wake, mkaombe radhi kwa magoti."

"Mti wangu?" Abdulnasir akaruka.

"Tutakiziba," Siti akasema. "Tutakirudisha. Mti hauendi. Na magoti, shangazi, nampigia Mungu tu."

Akamkabidhi mumewe mtoto, akachukua kisu, akaushika mkuyu shinani. Haukutoka. Mizizi ilikuwa imepenya tunduni na kurudi juu kwa nje, imekikumbatia chungu kama vidole, na alipokata mmoja utomvu mweupe ukamchuruzika mkononi, wa moto, wenye harufu ya mdomo wa mtoto mchanga, na mizizi mingine ikamzunguka kifundo cha mkono huku sauti nyembamba ikitoka chini ya udongo ikisema kiu, kiu, kiu.

"Kanywe bahari!" Siti akafoka, anakata. "Pemba yote imezungukwa na maji, weye umeona kifua changu tu?"

Mti ukang'oka. Akautia kwenye kopo kuukuu la rangi, baya kuliko yote, fundi akafumba macho. Siti akaliziba tundu kwa udongo wa mfinyanzi, na hapohapo kanga yake ikalowa maziwa kifuani.

Pangoni Msuka alikiweka chungu mahali pake. Gizani ndani, kitu kikavuta pumzi.

"Tuondoke," Abdulnasir akanong'ona, anamvuta kanga.

Siti akakaa juu ya jiwe, akaelekea kulekule gizani, akamtia Usama titi mdomoni. Mtoto akanywa kwa pupa.

"Tazama," akamwambia aliyekuwamo. "Tazama mpaka uchoke."