Mbao za Seremala

Mpira wa rejeta ulipasuka jua likiwa utosini, na mvuke ukafuka mbele ya kioo kama vile injini imeshika moto. Mjane akakanyaga breki. Gari likaserereka mchangani, likainamia upande, sufuria zikaporomoka nyuma, na mama mkwe wake aliyekuwa akisinzia akagonga goti kwenye chuma cha mbele.

"Umeliua gari," alisema mama mkwe, akiwa ameuma meno kwa maumivu.

"Limechemka tu, mama. Usisimame."

Zamani lilikuwa gari la kusambazia mikate. Marehemu, aliyekuwa seremala, alilinunua likiwa bovu, akaligeuza nyumba: kitanda cha kukunja, makabati, meza ya kuteremsha kutoka ukutani, vyote kwa mikono yake. Alitaka amchukue mkewe wawazungukie marafiki zake wa ujanani, wale nao, wacheke, warudi. Akaanguka kutoka juu ya paa la watu alilokuwa akilipigilia, akafa palepale. Msiba ulipokwisha, mjane alitangaza kwamba safari ataifanya hivyohivyo. Mama mkwe, ambaye tangu mazishi hakuwa amemsemesha neno la maana, alifunga mzigo wake akaja kukaa kiti cha mbele bila kualikwa.

Marafiki waliwapokea kwa mikono miwili. Kila nyumba walipikiwa mpaka wakaomba radhi, na wakati wa kuaga wakafungashiwa: nyama ya kukaushwa, samaki wa chumvi, mitungi ya achari. Alikuwa amebaki rafiki mmoja tu, mpishi, ng'ambo ya jangwa. Mjane aliona watafupisha safari wakikata katikati. Upepo ukafagia alama za magurudumu walizokuwa wakizifuata, wakapotea, na sasa walikuwa hapa.

Aliufunga mpira kwa vipande vya kitambaa, akakaza kwa waya, akamimina kwenye rejeta karibu maji yote waliyokuwa nayo. Injini iliitika. Kabla hawajafika popote, kitambaa kilifumuka, na maji yao ya kunywa yakanywewa na mchanga.

"Yamebaki kiasi gani?" aliuliza mama mkwe.

"Hayajai birika."

Goti la mama mkwe lilikuwa limevimba kama boga. Mjane alilifunga kwa mtandio wake.

"Nenda ukatafute watu," alisema mama mkwe. "Mimi niache."

"Niende wapi? Njia yenyewe siioni. Na sikuachi peke yako."

"Mwanangu uliweza kumwacha apande lile paa peke yake."

Mjane alikaza fundo, akaenda upande wa pili wa gari, akaketi kivulini akiwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Kesho yake aliteketeza tairi la akiba ili moshi uonekane mbali. Upepo uliulaza moshi chini, ukatambaa na kupotea. Ndani ya gari chakula kilikuwa tele, harufu ya samaki na achari imetanda, lakini kila tonge lilikuwa chumvi tupu. Mama mkwe alionja kipande cha nyama akakitema. Ulimi wake ulikuwa umekauka kama kipande cha ngozi. Maji waliyanywa kwa kifuniko cha chupa. Mara mbili mjane alimwona mama mkwe akiinua kifuniko, akijifanya anameza, kisha akiyarudisha maji taratibu kwenye chupa.

"Mama, kunywa."

"Nimekunywa."

Asubuhi iliyofuata upepo ulitulia. Mbali, ukingoni mwa jangwa, mjane aliona uzi wa vumbi ukisogea. Lori. Akachukua nyundo na bisibisi, akaingia nyuma ya gari.

"Unafanya nini?" Mama mkwe alijikokota mpaka mlangoni. "Usiguse hizo mbao!"

"Tunahitaji moshi, mama. Godoro peke yake litaisha upesi."

"Hizo ndizo zilizobaki za mwanangu! Kaburi lina nini? Udongo! Yeye yuko humu!"

"Najua!" Mjane alipiga kelele kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Unadhani mimi nalala wapi? Najua!"

Akaanza kung'oa. Mbao zilikataa. Aliyezipigilia alitaka zidumu, akaziunga hata msumari haukuonekana. Mjane alipiga, akavuta, kucha zikavunjika, damu ikamchirizika, na kabati halikutikisika. Akapiga magoti, akalia bila machozi, maana machozi nayo yanataka maji.

Mama mkwe alipanda gari kwa matako, akiuburuta mguu. Akapapasa chini ya kabati mpaka akapata kijiti kilichofichwa, akakisukuma. Mlango ukaachia.

"Anaunga kama baba yake," alisema.

Nyuma ya mlango kulikuwa na tarakimu za penseli, vipimo alivyoandika mwanawe. Mama mkwe alizipitishia kidole, moja baada ya nyingine. Kisha akautupa mlango nje mwenyewe.

Wakafungua vijiti vingine kimoja kimoja. Godoro, meza, kitanda, makabati, vyote vilitolewa nje, vikamwagiwa dizeli, vikawashwa. Moshi mweusi ulisimama wima kama mnara. Wanawake wawili wakautazama wakiwa wameshikana mikono, na hakuna aliyejua nani alimshika mwenzake kwanza. Ule uzi wa vumbi ulikata kona, ukaja upande wao.

Lilikuwa lori la chumvi. Dereva aliruka chini na dumu. "Poleni sana. Kidogokidogo, mama, msinywe kwa pupa."

Aliwafikisha kwa mpishi kabla ya jioni. Mpishi alimfunga mama mkwe goti upya, akawapikia uji mwepesi, kisha akatoka uani akalie peke yake, kwa kuwa alimpenda sana yule seremala.

Mama mkwe hakugusa bakuli.

"Nilikuja kwa sababu ya milango ile ya makabati," alisema. "Ulipokuwa ukiifunga, ilikuwa inagonga tak, halafu tak ndogo. Tangu akiwa mtoto, ndivyo mwanangu alivyofunga milango. Nilikuwa nafumba macho nasikiliza."

"Na mimi pia," alisema mjane.

Mama mkwe alimgeukia. Mjane alisogeza kiti, akachota uji, akaupuliza. Mama mkwe akafungua kinywa.