Luka, Mama Shamila!

Lori lilizimika katikati ya bonde, maji yakiwa hayajafika hata kwenye mlango. Wakoli alizungusha ufunguo. Injini ikakohoa mara moja, ikanyamaza.

"Ni maji ya magoti tu," alisema. "Hii balabala naijua tangu nikiwa shule. Ikinyesha mlimani inakuja kidogo, inaisha."

Ulimi wa Wakoli haukuwa na urafiki na r. Asubuhi ile Kitale, walipokuwa wakipakia mbao, alimwona Fadumo, muuza vitambaa aliyezinunua, amesimama mbele ya dimbwi akasema, "Luka, mama!" Ndugu yake Luka, aliyekuwa juu ya lori, akaitika kwa adabu, "Naam?" Walicheka hadi ubao ukawaponyoka. Luka alikuwa akiufanya mzaha huo tangu utotoni na hakuwa ameuchoka.

Sasa Luka hakucheka. "Uliijua wakati wa mafunjo," alimwambia kakaye. "Mafunjo iko wapi? Si tuliimwagia udongo wa murram sisi wenyewe, na hii hii lori?"

Fadumo alikuwa ameketi katikati yao. Mbao zilikuwa zake, za kuezekea nyumba za kupanga alizojenga papo hapo bondeni, ukishapita Kibabii kabla ya kuingia Bungoma mjini. Upande wa kushoto, juu kidogo ya barabara, aliuona ukuta wa ploti yake, mrefu, wa mawe, mpya. Aliupenda ukuta ule kama watu wanavyopenda gari. Kabla yake palikuwa na kinamasi. Sasa palikuwa na gereji, maduka, nyua za matofali ya kabro, na kila mtu na ukuta wake, kila mtu akimsukumia jirani maji. Mto uliozoea kujilaza bonde zima ulikuwa umeachiwa kalvati moja chini ya barabara, nalo limejaa chupa na mifuko. Eti hayo ndiyo maendeleo, na waliyapigia makofi.

Kisha maji yakaja kweli. Yalishuka mekundu, yamebeba mabati, milango, ng'ombe aliyekufa na miguu juu. Yalipiga ubavu wa kushoto, mlango ukabonyea ndani, kioo kikawamwagikia usoni. Luka alipigwa na kitu begani akapiga yowe.

"Juu ya mbao! Tokeni!" Wakoli alipaza sauti.

Alivunja kioo cha upande wake, wakatokea dirishani. Fadumo alishika ukingo wenye vigae vya kioo na kiganja kikachanika hadi akauona mfupa. Walipofika juu, lori lilikuwa likitetemeka chini yao. Mbao zilitaka kuelea, na zilikuwa zikilinyanyua.

Upande wa chini ya mkondo kulikuwa na ghorofa ambalo halijaisha, sakafu ya zege na nondo zilizochomoza. Wakoli alijifunga ncha ya kamba kiunoni, akajitupa. Maji yalimmeza, yakamtapika, yakamgonga kwenye nguzo uso kwa uso. Alipopanda juu ya zege meno mawili hayakuwepo. Alifunga kamba kwenye nondo na kuinua mkono.

Luka alimfunga Fadumo ncha ya pili, kisha akavua shati akakizungushia kile kiganja.

"Mama, yakikubeba usishindane nayo. Shika kamba, weka miguu mbele. Ngoja Wakoli akuambie."

"Na wewe?"

"Nakata hizi kamba za mbao, lori itulie kidogo. Niko nyuma yako, bana. Mtanirushia hiyo kamba."

Fadumo alisimama juu ya paa la kichwa cha lori, mgongo kwa Luka, uso kwa Wakoli. Hakujua kuogelea. Alisoma shahada, akamtaja binti yake Shamira, na miguu ikamkatalia kabisa. Maji yalipiga kelele kiasi kwamba hakusikia hata pumzi zake.

Nyuma yake kitu kililipuka kama baruti ya machimboni. Hakugeuka. Alimwona Wakoli, mdomo wazi, damu kidevuni, mikono hewani.

"Luka! Luka!"

Fadumo akaruka.

Maji yalimpindua kichwa chini. Jiwe lilimpiga mbavuni, ubao ukampita sikioni ukaondoka na kipande cha sikio. Kamba ilimkaba kiuno, akaweka miguu mbele alivyoambiwa, nguzo ikaja, akaipiga teke badala ya kuipiga kwa kichwa. Mkono wa Wakoli ulimkamata kwa mtandio, kisha kwa nywele, ukamburura juu ya zege.

Alipofumbua macho akalitazama lori. Lilikuwa limelala ubavu, magurudumu juu, pale aliposimama yeye hapana kitu. Mbao zake zilikuwa zikishuka na maji, zikigonga kuta za watu na kuzibomoa. Ukuta wake haukuwepo. Ulikuwa umeyashikilia maji ya bonde zima mgongoni, kisha ukayaachilia kwa mara moja.

"Mungu akubariki, Wakoli," alisema huku akitapika matope. "Usingeniambia niruke, ningekuwa humo. Luka yuko wapi?"

Wakoli hakumtazama. Alikuwa bado ameielekea ile barabara.

"Sikukuambia uluke, mama," alisema. "Hata sikukuona. Ukuta umemchukua ndugu yangu, nikamuita."

Fadumo alilia kwa sauti, bila haya, na Wakoli akalia pia. Walikaa pale hadi maji yalipopungua na vijana wa gereji wakaja na ngazi kuwateremsha.

Luka alipatikana kwenye kalvati, mawe ya Fadumo juu yake na mbao za Fadumo juu ya mawe. Kisu bado kilikuwa mkononi. Mazikoni Fadumo alimwendea mama wa marehemu, akamwonyesha lile shati la Luka. Mama alilichukua, akalinusa, akamshika mkono uliofungwa.

Baada ya hapo Fadumo aliingia kwenye ploti na nyundo. Wakoli alimkuta huko, akaenda kuleta sululu. Walivunja zile nyumba hadi msingi, wakachimba murram iliyomwagwa na lile lile lori, wakaitoa. Majirani walisimama kwenye kuta zao wakicheka, ati mama wa vitambaa amelogwa. Waliendelea kucheka hadi mvua iliyofuata, maji yaliposhuka tena, yakakata kona, yakaingia kwenye ploti ile na kujilaza. Barabarani yalifika magotini.

Mtaro waliouchimba ulikuwa umejaa. Wakoli alikuwa ng'ambo moja, Fadumo ng'ambo ya pili, mafunjo mawili matatu machanga yakichomoza katikati. Wakoli aliyatazama maji.

"Luka," alisema polepole.

Fadumo hakuuliza amekusudia lipi. Alikunja baibui, akaruka.